Ng'ombe Aitwaye Samahani

Asubuhi ile mashine ilinituhumu kuchanganya vikombe.

"Sampuli hii si ya mtu yule," Nasaba ilisema kwa sauti yake ya upole, kama mtu anayekunong'oneza kwamba umevaa shati nje ndani. "Subilaga aliyekohoa mwanzo wa masika si Subilaga aliyekohoa leo. Tafadhali, msomaji, hakiki vikombe vyako."

Mezani kulikuwa na kikombe kimoja tu. Mvua ya Rungwe ilikuwa imewazuia watu majumbani, na katika kituo cha afya cha Lusungo Mpya tulikuwa mimi, Nasaba, na paka wa jirani aliyekuja kuota joto la mashine.

Nikarudia kipimo. Nasaba ilivuta pumzi iliyofungwa kikombeni, ikavikamata vimelea vya kifua kikuu vilivyokuwemo, ikasoma vinasaba vyao herufi kwa herufi, kisha ikajaribu kuliweka jani la Subilaga kwenye mti ulio ukutani. Jani halikukaa. Lilielea pembeni ya ukuta kama mgeni asiyejua akalie kiti gani.

Mti ule ndio kazi yangu; mimi ndiye msomaji wake. Kila aliyewahi kuugua kifua kikuu kwenye mteremko huu wa mlima ana jani lake, na kila jani lina mstari unaoliunganisha na jani la aliyemwambukiza. Wageni huniuliza mashine inajuaje. Huwa nawajibu kwa habari za kwaya, maana hapa kwetu kila mtu ni mwanakwaya au ameoa mwanakwaya. Kwaya ikifundishwa wimbo wenye neno lililokosewa, itauimba na kosa lile. Kwaya nyingine ikijifunza kwao, itaimba kosa lile na kuongeza la kwake. Ukisikiliza makosa tu, utajua nani kamfundisha nani. Vimelea navyo hujinakili vinapozaana, na mara mojamoja hukosea herufi. Nasaba husikiliza makosa.

"Nimerudia," niliiambia. "Ni yeye."

"Basi kuna mtu mwingine aliyekohoa badala yake."

Hapo nikamkumbuka Mzee Mwakalinga. Nikavaa koti la mvua.

*

Sikumdhania mabaya. Enzi za bibi zangu mtu akikohoa alifichwa chumba cha nyuma, na sahani yake ikawekwa mbali na sahani za wengine. Siku hizi mti ukishamtaja aliyekuambukiza, yeye huja mlangoni kwako mchana kweupe na kitu chenye uhai, kuku au mbuzi, kwa kuwa aliyekupa pumzi mbaya hukurudishia kitu chenye pumzi njema. Hiyo ndiyo pole ya kifua. Ukiipokea mnakuwa ndugu wa kifua, naye ndiye atakayekusimamia umeze dawa kila asubuhi mpaka upone. Watu hawajifichi tena. Tatizo letu la sasa ni kwamba wanapendana kupita kiasi. Mgonjwa akichoka kujikohoza, ndugu wa kifua huchukua kikombe na kumkoholea, kama vile angempokea ndoo ya maji njiani. Nimewahi kusoma kikombe kimoja kikawa na pumzi za nyumba nzima, pamoja na ya mgeni aliyekuja kuazima panga.

Na hakuna aliyemjali ndugu wa kifua kuliko Mzee Anyosisye Mwakalinga. Alikuwa fundi wa waya. Maisha yake mengi aliyapitisha kwenye kibanda cha juu kabisa mlimani, akiangalia vikapu vinavyopita kwenye waya vikiteremsha parachichi na majani ya chai hadi bondeni. Huko juu ndiko alikougua, akatibiwa, akapona. Mkewe alipofariki aliteremka, akanunua nyumba mwisho wa kijiji, akafunga mlango. Hakuna aliyejua ndani mwake mna nini. Kisha, mwanzo wa masika haya, mti ukamtaja yeye kuwa ndiye chanzo cha Subilaga Mwaisumo, mwimbaji kiongozi wa Kwaya ya Mlimani. Watu wakategemea kuku. Mzee akatokea akivuta mtamba mwenye mimba, akamkabidhi Subilaga kamba, akasema "Samahani," akaondoka. Ng'ombe akabaki na jina hilo.

Niliwakuta uani kwa Subilaga, chini ya bati, wanabishana juu ya uji. Samahani alikuwa amezaa siku chache kabla, na ndama wake mweusi alikuwa akigongagonga kiwele kwa kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomaji. Karibu. Umekuja kunywa maziwa au umekuja kutuchunguza? Huo uso ni wa uchunguzi."

"Mzee, ulimkoholea Subilaga?"

Akaweka kikombe cha uji chini. "Nimkoholee na nini? Kifua changu kimepona. Hata angetaka nimkopeshe, ghala ni tupu."

"Babu huyu anikoholee mimi?" Subilaga alisema. "Uji tu anaukoroga kwa manung'uniko. Kikombe kile nilikoholea hapo nyuma ya migomba, peke yangu, mvua inaninyeshea. Kwani vipi?"

Nilimtazama vizuri. Alikuwa amemeza dawa kila asubuhi bila kukosa, mzee akiwa shahidi, lakini mashavu yalikuwa bado hayajarudi. Niliuliza habari za sauti.

"Za chini zipo. Za juu zinanikimbia. Nikiifikia noti ya juu kabisa ni kama nagonga mlango wa nyumba ambayo watu wamehama."

"Anaimba vizuri tu," mzee alisema, akiitazama mvua.

"Babu, wewe husikii."

"Nasikia ninachotaka."

Nikampa kikombe kipya. Safari hii alikohoa mbele yangu, nje, upepo ukivuma kutoka kwangu kwenda kwake kama kanuni inavyotaka. Nilirudi kituoni nacho mfukoni. Nasaba ikasoma, ikasema yaleyale: huyu si yule.

*

Kesho yake mvua ilikatika, na Subilaga akaja kituoni mwenyewe na chupa ya maziwa. Nilifungua madirisha yote, tukakaa kila mtu upande wake.

"Nataka kuona sampuli ya kwanza," niliiambia Nasaba. "Ile ya mwanzo wa masika. Kabla hujaiosha."

"Kwa kawaida wasomaji huangalia iliyooshwa."

"Najua. Ulifuta nini?"

"Mahali ambapo herufi ziligombana. Nusu ya vimelea vikisema hivi, nusu vikisema vile, napafuta pale. Nimefundishwa kwamba ugomvi ni uchafu wa kipimo."

"Na kwa Subilaga ulifuta pengi?"

"Pengi kuliko kwa mtu yeyote kwenye mti huu."

Subilaga alikuwa anasikiliza kichwa kikiwa upande, kama anavyosikiliza mtu anapotoa sauti ya kuanzia. "Hebu ngoja. Kwaya mbili zikiimba ndani ya ukumbi mmoja kwa wakati mmoja, nyimbo mbili tofauti, halafu wewe ukafuta kila mahali zinapopishana. Unabaki na nini?"

"Na pale zinapokubaliana."

"Yaani unabaki na amina tu. Na kila kwaya ina amina."

Nikaiambia Nasaba isifute chochote, izipange zile herufi zilizogombana kwa wingi wao: zilizo nyingi zikae pamoja, zilizo chache zikae pamoja. Ukutani jani la Subilaga likapasuka taratibu, likawa majani mawili. Moja lilitulia upande wa mashariki wa mti, kwenye tawi la shule aliyowahi kufundisha muziki. La pili lilikuwa lilelile lililoelea jana. Hakuna hata moja lililosogea karibu na Mzee Mwakalinga. Kimelea cha mzee kilikuwa cha ukoo wa kale, kisicho na makosa mengi ya kwake. Ndiyo maana ile amina iliyobaki ilifanana naye. Ingefanana na yeyote wa zamani.

"Kwa hiyo nimeambukizwa mara mbili," Subilaga alisema.

"Na watu wawili. Dawa zimekimaliza kimelea cha kwanza, kilichokuwa kingi. Ndiyo maana jana mashine haikukutambua. Kilichobaki ni cha pili, nacho kina kosa la herufi palepale dawa yetu kuu inapokishika. Haikishiki. Kosa hilo nalo lilikuwa miongoni mwa yaliyofutwa."

"Kumbe kila asubuhi nawatimua mbwa wangu ili wa jirani ale vizuri."

"Ndivyo. Lakini kwa hiki zipo dawa nyingine, zinakuja kwa kikapu cha waya kesho. Utapona, Subilaga. Na noti za juu zitarudi."

Alitabasamu, kisha tabasamu likaishia njiani. Alikuwa ameanza kufikiri, na mimi nilikuwa nimeshatangulia kufika huko.

"Babu," alisema. "Mstari wake?"

"Haupo. Haujawahi kuwepo."

"Na Samahani?"

"Unajua desturi. Pole iliyokwenda kwa asiye wake hurudi alikotoka."

Alizungusha kifuniko cha chupa kwa muda. "Dada Atuganile, usimwambie. Nipe hizo dawa mpya nimeze. Yeye ataona rangi tu imebadilika. Nitamwambia ni za kampuni nyingine."

*

Mkuu wangu, Daktari Lugano, anakaa mjini na husema nami kwa kioo. Ni mtu mwema, na alichoniambia mchana ule hakikuwa cha kipuuzi.

"Dawa ni za kifua, mti ni wa watu," alisema. "Badilisha dawa leo. Mti uache. Unajua mzee huyo alivyokuwa?"

"Najua."

"Mwaka mzima mhudumu wa nyumba kwa nyumba alikuwa anaongea na mlango wake. Sasa kila asubuhi anateremka kijiji kizima kwa miguu kwenda kumkoroga binti wa watu uji. Kwa herufi zilizogombana tu. Ni kosa la mashine, sawa, lakini kosa lenyewe limefanya kazi ambayo mimi na wewe tulishindwa."

"Jani likishapata chanzo hufungwa, na wafuatiliaji wa maambukizi hawatoki," nilisema. "Sheria ya Mti inasema hivyo. Subilaga ana chanzo, kwa hiyo hakuna wa kutafutwa. Lakini yupo mtu mwenye kimelea hiki, daktari, na hayupo kwenye mti. Hajui, au anajua na amenyamaza. Anakohoa mahali fulani, madirisha yamefungwa kwa baridi."

Nyuma ya daktari nilimsikia mtu akicheka koridoni.

"Huwezi kumtafuta bila kuufuta mstari wa mzee?"

"Jani haliwezi kuwa wazi na kufungwa kwa pamoja."

"Basi amua wewe. Ila ukiamua kufuta, nakuomba, usiache asikie kutoka kwa mashine."

Nilizima kioo. Paka alikuwa amelala juu ya Nasaba, mkia ukining'inia mbele ya mti, umefunika ukoo mzima wa watu wa bondeni. Ninapenda kupima mambo polepole, na hili nililipima mpaka jioni. Upande mmoja alikuwa mzee ninayemjua kwa jina. Upande wa pili alikuwa mtu nisiyemjua, pamoja na kila aliyekaa karibu naye. Ni rahisi kumhurumia mwenye jina. Mti nao ulibuniwa kwa ajili ya wale ambao bado hawajapata jina.

*

Asubuhi nilikwenda kwa Subilaga kabla uji haujaiva. Mzee alikuwa amechuchumaa akimsugua ndama kwa gunzi la mahindi. Subilaga aliponiona na kifurushi cha dawa mpya alitikisa kichwa taratibu, kuniomba. Nikavuta kigoda, nikakaa baina yao.

"Mzee, mashine ilikosea," nilisema. "Wewe si chanzo cha Subilaga. Kimelea chako hakijawahi kuingia kifuani mwake."

Aliendelea kusugua. Gunzi likapita mgongoni, likashuka ubavuni, likarudi.

"Najua," alisema.

Subilaga aligeuka. "Unajua nini?"

"Mwaka nilioumwa sikushuka mlimani hata mara moja. Chakula kilikuja kwa kikapu, dawa kwa kikapu. Na kabla ya hapo sikuwa nakufahamu hata kwa sura. Ningekuambukizaje? Kwa waya?"

"Sasa mbona ulileta ng'ombe?"

Mzee alilitazama gunzi kana kwamba jibu limeandikwa kwenye vitobo vyake. "Alikuja mtu wa kituo, akagonga, akasema kule chini kijijini una ndugu. Nimekaa muda mrefu bila kugongewa mlango kwa habari ya namna hiyo. Mtu akikuletea ndugu, utamdai risiti?"

Subilaga alianza kucheka, kikohozi kikamkatisha, akageukia upande wa migomba mpaka kikapita. Aliporudi macho yalikuwa na maji.

"Na mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini wewe?"

"Nilijua si wewe, Babu. Sikuwahi kukaa na wewe popote. Lakini mti ulipokutaja nilifurahi, maana wafuatiliaji hawakuniuliza nimekaa na nani." Akanitazama. "Usiandike bado, dada. Kila Alhamisi jioni, tangu mwaka jana, nilikuwa nateremka kwa Kwaya ya Bondeni. Kuwafundisha."

Mzee aliangusha gunzi. Mimi mwenyewe nilijikuta nimeshika kifua. Asiye wa hapa hataelewa. Mlimani na Bondeni wameshindana katika shindano la mavuno tangu babu zetu, na kuna ndoa zilizovunjika kwa sababu bibi harusi alipiga makofi upande usiotakiwa.

"Bondeni?" mzee alisema. "Wale wanaoburuza mwisho wa ubeti kama kiti kibovu?"

"Siku hizi hawaburuzi. Niliwarekebisha." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Mwalimu wao sauti ilikuwa inamkauka. Aliniomba nimshikie tu sauti ya tatu kwa muda. Tunafanyia mazoezi kwenye ghala la parachichi, milango imefungwa ili Mlimani wasisikie nyimbo mpya. Anakohoa. Anasema ni baridi ya ghala. Mimi nilitaka kuamini ni baridi ya ghala, kwa sababu ikiwa si baridi, itabidi niseme nilikuwa wapi. Mlimani wakijua, wataniimbia wimbo wa mazishi na mimi bado nimesimama."

"Usinitajie jina lake," nilisema.

"Tayari umeshamjua."

"Nimejua ghala. Ukinitajia jina, nitawajibika kuwatuma wafuatiliaji leo, na wao huja na gari lenye kengele. Nenda wewe kwanza. Mwambie aje kwa miguu yake. Mpaka keshokutwa asipokuja, nitafuata ghala."

Hii haimo kwenye kanuni. Nilikuwa nikiweka rehani siku mbili za pumzi za watu, na nilijua hivyo nilipokuwa nasema. Subilaga aliimeza dawa mpya mbele yetu, akajitanda mdomo kwa kitenge, akateremka bondeni. Mzee Mwakalinga alichukua uji aliouacha, akaunywa mwenyewe.

"Hauna sukari," alisema. "Miezi yote hii ananiambia una sukari ya kutosha."

*

Mwalimu Ambokile wa Kwaya ya Bondeni alikuja kituoni siku ileile, kabla jua halijazama, shati limechomekwa vizuri kama anakwenda kubatizwa. Alikohoa kikombeni bila kuambiwa. Jani lililokuwa linaelea likatulia kando ya jani lake jipya, na mstari ukachorwa.

"Nilidhani nikijulikana watafunga mazoezi," aliniambia.

"Yatafungwa ghalani. Uwanjani yataendelea."

"Uwanjani kuna baridi."

"Ndiyo maana Mungu aliumba mablanketi, mwalimu."

Waimbaji wake wote walipimwa. Wawili walikutwa na kimelea hicho, bado kichanga kabisa, wakaanza dawa. Zile siku mbili hazikuhitajika, nami nilishukuru kwa sababu ya wale wawili zaidi ya sababu nyingine yoyote.

Siku ya pole tulikusanyika uani kwa Subilaga. Kutoka kwa yule wa tawi la shule, ambaye siku hizi anaishi mbali, kuku alitumwa kwa kikapu cha waya, akafika amekasirika, akakataa kushikwa na mtu yeyote. Mwalimu Ambokile alileta bata mzinga aliyejibu kila sala kwa sauti kubwa kuliko ya mchungaji. Lakini macho ya watu wote yalikuwa kwa Bi Tusajigwe, mwalimu wa Kwaya ya Mlimani, aliyekaa mbele mikono imekunjwa. Subilaga alisimama akasema alikuwa wapi kila Alhamisi. Hakupunguza neno.

Bi Tusajigwe alikunjua mikono.

"Ile sauti ya tatu ya Bondeni iliyotushinda mwaka jana," alisema, "ulifundisha wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ilikuwa ya kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Basi tulishinda sisi." Akageukia upande wa Bondeni. "Mtaturudishia ngao."

Ubishi ulioanza hapo unaendelea mpaka ninapoandika haya, na sioni dalili ya kwisha.

Katikati ya kelele hizo Subilaga alifungua kamba ya Samahani, akaiweka mkononi mwa Mzee Mwakalinga, kama desturi inavyotaka. Mzee hakuikataa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akikataa, au akilia, au akiondoka kimya kama alivyoondoka siku ile ya kwanza. Badala yake alikagua fundo la kamba kwa jicho la fundi wa waya.

"Ng'ombe ni wangu, nimempokea," alisema ili watu wasikie. "Ndama alizaliwa uani kwa huyu binti, akakatiwa kitovu hapa. Huyo si wa kurudi. Ni wake. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha.

"Lakini bado ananyonya. Siwezi kumtenga na mama yake, itakuwa dhambi. Kwa hiyo atakaa kwangu mpaka aache ziwa. Mwenye ndama atakuja kumwangalia kila asubuhi." Akakohoa kidogo, kwa heshima tu. "Mlango utakuwa wazi."

*

Nilipita kwa mzee baadaye, masika yalipokwisha, kuchukua kikombe cha mwezi. Mlango ulikuwa wazi kweli. Ndani mlikuwa na meza, picha ya mkewe, na dari nzima ilikuwa imetundikwa vikapu vidogo vya waya alivyovisuka mwenyewe, vya ukubwa wa ngumi, vinavyozunguka kwa upepo. Kumbe vilikuwa humo siku zote.

Subilaga alikuwa uani anameza dawa, mashavu yamejaa. Alipiga noti ya juu kunionyesha. Kuku wa jirani walikimbia.

Jioni Nasaba iliniuliza. "Msomaji, ninaona mtu anayemsimamia Subilaga dawa si Ambokile. Ni Mwakalinga. Mti hauonyeshi mstari wowote kati yao. Nisahihishe?"

"Hakuna kosa. Acha hivyo."

Hilo lilikuwa jioni. Asubuhi ile, kabla sijaondoka, nilimuuliza mzee swali nililokuwa nalo tangu siku ya pole: ndama akiacha ziwa, itakuwaje?

"Huyu?" alisema. "Huyu bado sana. Maziwa ya mama yake ni mazito, hana haja ya kula. Mtazame, hajui hata majani ni nini."

Ndama alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo umejaa majani, anatafuna kwa utulivu. Subilaga aliona, nami niliona. Mzee akageuka. Alimtazama ndama kwa muda, kisha kwa mguu, polepole, kama mtu anayeondoa jiwe njiani, akalisukuma fungu la majani lililobaki mpaka likaingia chini ya kigoda chake, akakikalia.